Historia ya Ua la Gardenia na Jina Lake

Katika bustani za nchi nyingi za joto, na za kwetu mojawapo, hupandwa mti mmoja mfupi uitwao gardenia. Majani yake ni mazito, yana rangi ya kijani iliyokolea, tena yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, wala hayapukutiki yote pamoja wakati wa kiangazi au wa baridi. Ua lake likifumbuka ni jeupe kama maziwa. Baada ya siku chache hugeuka likawa la manjano, kisha hunyauka. Lakini sifa yake kubwa si rangi bali harufu. Ua moja likitiwa katika kikombe cha maji hutosha kunukiza chumba kizima.

Watu waliojifunza Kiingereza kidogo, wakilisikia jina hili, hudhani ya kuwa maana yake ni ua la bustani, kwa kuwa bustani kwa Kiingereza ni garden. Dhana hiyo ni ya akili, lakini si kweli. Garden ni jina la mtu. Alikuwa tabibu, naye hakuugundua mti huu wala hakuzaliwa katika nchi yake. Basi tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu jinsi jina la mtu huyu lilivyofika katika ua hili, maana ndani ya jina hili moja mna habari za Uchina, za merikebu, za utumwa, za vita, na za baba aliyekosana na mwanawe.

Kwanza tuutambue mti wenyewe. Wataalamu wa elimu ya mimea huweka mimea katika koo, na kila ukoo huugawanya katika jamii. Gardenia ni jina la jamii nzima yenye aina zaidi ya 100, zilizo katika Afrika, Asia na visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Ukoo wake ni ukoo wa mbuni, huo tunaovuna kahawa. Na mti ambao magome yake hutoa dawa ya kwinini ni wa ukoo uo huo. Wenzetu wa Kilimanjaro na wa Bukoba wanajua jinsi shamba la kahawa linavyonukia asubuhi maua meupe yanapofumbuka baada ya mvua. Hao hawatashangaa kusikia kwamba gardenia na mbuni ni ndugu.

Aina iliyopandwa zaidi bustanini asili yake ni Uchina na nchi za jirani. Wachina huiita zhizi, nao wameijua tangu zamani sana. Hawakuipenda kwa harufu tu, bali kwa faida pia, maana tunda lake hutoa rangi nzuri ya manjano ya kutilia nguo na chakula, na katika uganga wao hutumika kama dawa. Mwanahistoria wao mkuu Sima Qian, aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alipoandika habari za utajiri, alitaja mashamba makubwa ya mimea ya rangi, na wasomi wa Kichina huelewa ya kuwa zhizi ni mmoja wa mimea hiyo. Wajapani nao huiita kuchinashi, na wengi hueleza jina hilo kuwa ni "isiyo na kinywa", kwa sababu tunda lake likiiva halipasuki. Basi ua hili lilikuwa na majina yake, na wakulima wake, na wachoraji waliolichora, miaka mingi kabla Mzungu yeyote hajalinusa.

Sasa tuvuke bahari twende Ulaya. Yapata mwaka 1754 merikebu moja ya biashara ya Mashariki iitwayo Godolphin ilikuwa safarini kurudi Uingereza, ikapumzika katika Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Nahodha wake, Hutchinson, alivutwa na harufu ya mti mmoja wenye maua meupe yaliyokunjamana kama waridi. Akautwaa, akaupakia chomboni, na alipofika kwao akampa Richard Warner, bwana mmoja mwenye kupenda mimea, aliyekuwa na bustani huko Woodford karibu na London. Kwa kuwa ulitoka katika Rasi, watu wakasema ni mti wa Rasi. Na kwa kuwa ulinukia kama asmini, wakauita asmini ya Rasi. Majina yote mawili yalikosa. Mti haukuwa wa Rasi, bali wa Uchina. Ulikuwa umepandwa pale tu. Wala haukuwa asmini. Asmini ina vijiti viwili tu vya chavua ndani ya ua lake, bali gardenia inavyo vitano au sita au zaidi, kwa hesabu ya ncha za ua. Tena tunda la gardenia hukua chini ya ua, si ndani yake. Hata hivyo kosa likishika halitoki upesi, na mpaka leo wako waiitao asmini ya Rasi.

Warner aliona shida kuuzidisha mti wake. Akampelekea vijiti mtunza bustani mmoja hodari, James Gordon wa Mile End, ambaye alikuwa na mkono wa baraka. Gordon akavipanda, vikashika mizizi, naye akauza miche yake kwa bei kubwa kwa matajiri wa London. Lakini mti bado ulikuwa hauna jina la kitaalamu.

Mtu aliyejitwika kazi ya kuupa jina ni John Ellis, mfanyabiashara wa London, aliyekwisha pata sifa kwa kuonyesha kwamba vitu vingi vya baharini vilivyodhaniwa kuwa mimea ni kazi ya wanyama wadogo. Yeye aliuchunguza mti huu akasadiki kuwa ni jamii mpya. Wako waliombishia, hasa Philip Miller, mtunza bustani mashuhuri wa Chelsea, aliyeshikilia kwamba ni asmini. Ellis hakukubali. Kwanza alitaka kuuita kwa jina la Warner, mwenye mti. Lakini Warner akakataa heshima hiyo. Ndipo Ellis alipomkumbuka rafiki yake aliyekuwa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, ambaye hawajapata kuonana uso kwa uso, bali kwa barua tu. Rafiki huyo ni Dakta Alexander Garden wa Charleston, katika nchi ya South Carolina, ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Waingereza.

Hukumu ya majina ya mimea ilikuwa mkononi mwa Mswidi Carl Linnaeus, aliyeweka utaratibu wa kupanga majina ya viumbe vyote. Ellis akamwandikia. Linnaeus alisita, akiona kwamba Garden si mgunduzi wa mti ule, na kumpa mtu sifa isiyo yake huleta maneno. Mwishowe akakubali. Mwaka 1760 Ellis akaandika habari za mti huo, nazo zikasomwa mbele ya Chama cha Kifalme cha elimu huko London. Tangu hapo jina Gardenia limesimama.

Tena kabla ya hapo jina hilo lilikuwa limekwisha jaribiwa mara moja. Mwaka 1754 Garden alikwenda New York, akafika nyumbani kwa mzee Cadwallader Colden. Huko alimkuta Jane, binti wa mzee huyo, ambaye alikuwa amefundishwa na babaye elimu ya mimea. Binti huyu alichora na kueleza mimea zaidi ya 300 ya nchi yake, kazi ambayo wanaume wachache wa siku zile waliiweza. Jane alitaka mmea mmoja uitwe Gardenia kwa heshima ya mgeni wao. Lakini mmea ule ulikuwa umekwisha pewa jina, kwa hiyo jina la Jane likaanguka. Kwa bahati hiyo sifa ikamwendea Ellis, na wachache tu hukumbuka kwamba binti ndiye aliyetangulia.

Sasa tuulize, Garden mwenyewe alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1730 huko Birse, katika nchi ya Uskoti, baba yake akiwa mchungaji wa kanisa. Alisoma utabibu Aberdeen, akatumika katika merikebu za vita, na mwaka 1752 akahamia South Carolina. Kazi yake ilikuwa ngumu, kwa kuwa nchi ile ilikuwa na homa nyingi na matabibu wachache. Lakini kila alipopata nafasi alikusanya mimea, samaki, nyoka na wadudu, akawapelekea wataalamu wa Ulaya. Katika barua zake alilalamika kuwa hana mtu wa kuongea naye habari za elimu hiyo. Alimwandikia Linnaeus tangu mwaka 1755, na miaka kadhaa ikapita bila ya jibu, maana palikuwa na vita baina ya Waingereza na Wafaransa, na chombo kikitekwa, barua zake hupotea pamoja nacho. Hakukata tamaa. Baadaye alimpelekea Linnaeus mnyama wa ajabu wa matopeni, aliye kama mkunga, mwenye miguu miwili tu ya mbele na mashavu ya kupumulia majini. Linnaeus alistaajabu, maana hakuwa na mahali pa kumweka mnyama huyo katika utaratibu wake, ikambidi amfanyie mahali papya.

Mwaka ule ule wa 1760, jina lake lilipokuwa likitangazwa London pamoja na ua, Garden alikuwa katika mashaka makubwa. Ndui iliingia Charleston. Kuchanja kwa siku zile hakukuwa kama kuchanja kwa baadaye. Tabibu alitia katika mwili wa mtu mzima usaha wa mgonjwa, ili augue kidogo asife. Watu zaidi ya 2,000 walichanjwa mjini kwa muda mfupi, na Garden pamoja na matabibu wenzake walifanya kazi mchana na usiku. Basi tusimwone kuwa ni mtu wa maua tu. Alikuwa tabibu wa kweli.

Lakini historia ni kama mizani, haina budi kupima pande zote mbili. Mji wa Charleston ulikuwa bandari kubwa ya kuingiza watumwa kutoka Afrika. Mpunga na nila, mali ya nchi ile, vililimwa kwa mikono yao, na katika South Carolina watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe. Garden, kwa kazi yake ya utabibu, aliingia mara nyingi katika merikebu za watumwa zilipokuwa zimetia nanga. Alimwandikia Stephen Hales, mtaalamu wa Uingereza aliyebuni mashine za kuingizia hewa ndani ya vyombo, akamweleza uchafu na uvundo aliouona humo, na jinsi watu wengi walivyokufa njiani, hata ikawa ajabu kwamba yuko aliyesalia hai.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Mtu ambaye jina lake limekuwa jina la harufu nzuri aliijua kwa pua yake mwenyewe harufu ya merikebu ya watumwa. Aliijua, akaiandika, akaihuzunikia kama tabibu. Hata hivyo mwaka 1771 alinunua shamba kubwa huko Goose Creek, akaliita Otranto, naye alikuwa na watumwa kama mabwana wengine wa nchi ile. Tukisoma kwamba bwana fulani wa Charleston alikuwa na bustani yenye mimea adimu, tuulize pia ni nani waliochimba mashimo, wakachota maji na kung'oa magugu. Majina yao hayakupewa ua lolote. Yamepotea, ingawa watoto wa watoto wao wako Marekani hata leo, nao kwa asili ni watu wa bara letu.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1775 makoloni ya Amerika yalianza kupigana na Uingereza, na mwaka 1776 yakatangaza uhuru wao. Kama ilivyo desturi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba nyingi ziligawanyika. Dakta Garden alibaki mjini akatibu watu wa pande zote mbili, lakini moyo wake ulikuwa upande wa Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1780 Waingereza waliiteka Charleston, na walipoyashinda majeshi ya Waamerika huko Camden, Garden akatia mkono katika barua ya kumpongeza mkuu wao, Cornwallis. Kwa tendo hilo alijulikana wazi kuwa ni mtu wa Mfalme.

Alikuwa na mwana, naye aliitwa Alexander kama babaye. Baba alimpeleka Uingereza kusoma, pengine akitumaini kwamba elimu na umbali vitamweka mbali na vita. Lakini kijana alirudi Amerika bila ya ridhaa ya baba yake, akajiunga na askari wa upande wa uhuru, akawa msaidizi wa mkuu wao Nathanael Greene. Basi baba na mwana, wenye jina moja, wakawa katika majeshi mawili.

Upande wa baba ukashindwa. Mwaka 1782 serikali mpya ya South Carolina ikaamuru mali yake ichukuliwe na yeye aondoke, na mwezi wa Desemba, Waingereza walipouacha mji, Garden akapanda chombo akaenda London, baada ya kukaa miaka 30 ng'ambo. Wataalamu wa London walimpokea kwa heshima, wakamfanya makamu wa rais wa Chama cha Kifalme, chama kile kile kilichosikia habari za ua lake. Lakini kifua chake kilikuwa kimeharibika kwa kifua kikuu, na mwaka 1791 akafa.

Inasimuliwa ya kuwa mwanawe huko Amerika alipata mtoto wa kike, akamwita Gardenia. Tukifikiri tutaona kwamba jina hilo lilikuwa kama mkono ulionyoshwa kutoka ng'ambo ya bahari. Mwana hakuweza kurudisha nyuma vita, wala hakutaka kuikana nchi yake. Lakini alimpa bintiye heshima kubwa kuliko zote alizozipata baba yake duniani. Nayo simulizi husema ya kwamba yule mzee hakumsamehe mwanawe, wala hakukubali kumtia machoni mjukuu yule. Wazee wetu walisema, "Hasira, hasara." Hasara ya mzee Garden si shamba la Otranto lililochukuliwa na serikali, bali ni mtoto mdogo mwenye jina lake ambaye hakumpakata. Mwana aliishi mpaka mwaka 1829, akaandika kitabu cha habari za vita vile, kilichotoka mwaka 1822.

Sasa turudi kwetu. Tulisema kwamba jamii ya gardenia ina aina katika Afrika. Katika nyika kavu za Afrika ya Mashariki uko mti mmoja mgumu wenye matawi yaliyopindana, na matunda magumu yenye rangi ya kijivujivu. Maua yake hufumbuka meupe, yakinukia, kisha hugeuka manjano. Wataalamu huuita Gardenia volkensii, kwa ajili ya Georg Volkens, Mjerumani aliyekuwa Marangu, Kilimanjaro, kuchunguza mimea tangu mwaka 1892. Basi mti huu wa kwetu una majina ya wageni wawili, Mskoti ambaye hakufika nchi hizi, na Mjerumani aliyekaa miaka michache akaenda zake.

Hatusemi hayo kwa uchungu. Jina la kitaalamu lina faida, maana mtu wa Japani na mtu wa Kenya wakilitamka hujua wanasema mti mmoja. Lakini lisitufanye tusahau majina mengine. Wachina wana zhizi yao. Sisi nasi, katika kila lugha ya vijijini kwetu, tuna wazee wanaojua mti huu wa nyikani unaitwaje na hutumika kwa nini. Majina hayo hayakuandikwa yote, na mzee akifa bila ya kuulizwa hufa nayo. Walimu na wazazi wanaweza kuwatuma watoto waende wakaulize, kisha wayaandike katika madaftari yao. Kazi hiyo haihitaji merikebu wala chama cha London. Jane Colden aliifanya kwa kalamu na wino katika nyumba ya baba yake.

Na yule atakaye kupanda gardenia ya bustani, achukue kijiti kisichokomaa sana, akipande penye kivuli na unyevu mpaka kishike mizizi. Ardhi ya chokaa, kama ile ya mawe ya matumbawe huko pwani, haiufai mti huu; majani yake hugeuka manjano. Huutaka udongo wenye mboji nyingi, na maji yasiyotuama.

Wahenga walinena, "Jina jema hung'ara gizani." Jina la Garden linang'ara katika bustani za dunia nzima, lakini ng'ao hiyo ni ya ua, ambalo halikuchagua jina lake, wala halikuacha kunukia kwa sababu ya makosa ya mtu. Nasi tukilinusa tena barazani, tumkumbuke tabibu aliyepigana na ndui, na wale wasiotajwa waliolima shamba lake. Tena tumkumbuke mtoto yule aliyeitwa Gardenia, ambaye babu yake angeweza kumkumbatia, asimkumbatie.